Sharafiya: Anakaa na Nani Darasani?

Ukiwa Jeddah na hamu ya muhogo ikakushika, usijisumbue na maduka makubwa ya Tahlia. Nenda Sharafiya. Mwambie dereva wa teksi jina hilo tu. Hata ukikosea matamshi atakufikisha, maana huenda yeye mwenyewe analala huko. Mtaa uko kaskazini ya Balad, ule mji wa kale wenye roshani za mbao, na Barabara ya Madina inapita ubavuni mwake. Nenda Alhamisi usiku, baada ya Isha, wakati milango ya maduka inafunguliwa tena na watu wote wanamwagika barabarani kwa pamoja kama wametoka mpirani.

Utakaowakuta si Waarabu sana. Ni Wamalabari, watu wa Kerala, wa pwani ya kusini ya India, ambao wamekaa mtaa huu miaka mingi hata wenyewe wanauita Kerala ndogo. Mabango ni ya lugha yao, hoteli ni za chakula chao, na magazeti yao yananing'inia mlangoni kwa mwenye duka. Kwa mtu wa Tanga kama mimi hapa ni karibu na nyumbani kuliko mahali pengine popote katika nchi hii. Muhogo upo, wao wanauita kappa. Nazi zipo, na kijana mwenye mashine anakukunia nazi mbili kabla hujamaliza kutoa pesa kwenye pochi. Nikikumbuka mbuzi ya mama ilivyotuchuna vidole, nacheka. Ndizi za kupika, maembe mabichi, hata yale maganda marefu ya mlonge ambayo kwetu watu wanayaacha yakauke mtini. Sisi akina mama tunaotoka Tanga, Mombasa, Unguja na Ngazija tunakutana kwenye kibanda hicho cha nazi bila kupanga, kama vile zamani watu walivyokutana kisimani.

Nimekaa Sharafiya tangu 2011. Mume wangu ni fundi wa viyoyozi, na ghorofa yetu iko juu ya duka la mshona nguo. Mambo mengi nimeyazoea, ila kuna jambo moja la asubuhi nililitazama miaka sita bila kulitilia maanani, mpaka likanigusa mwenyewe.

Asubuhi saa kumi na mbili na nusu mabasi ya shule yanaanza kupita. La kwanza linachukua watoto wa Kihindi, wasichana wamesukwa nywele mbilimbili na kupakwa mafuta. Linafuata la Wapakistani. Halafu la Wabangladeshi, halafu la Wafilipino. Basi dogo la mwisho ni la shule ya Kiarabu ya kulipia, humo wamo Wamisri na Wasudani na Wayemeni. Watoto wa jengo moja, ambao jana usiku walikuwa wanapiga mpira pamoja kwenye ngazi mpaka mshona nguo akawafokea, asubuhi wanasimama hatua mbili mbili mbali, kila mmoja chini ya bendera yake. Jioni wanarudi, mpira unaendelea.

Sitaki kumsema mtu hapa. Shule hizi za jamii zina sababu nzuri. Kila mmoja wetu anaishi kwa ikama, na ikama ina tarehe ya mwisho. Mzazi anataka siku akirudi kwao mwanawe aendelee na mtaala wa kwao pale alipoachia. Hakuna aliyekaa akasema watoto wasichanganyike. Lakini ukisimama dirishani na kikombe cha chai ukayatazama mabasi yale, unaona watoto wamepangwa kwa pasipoti, na sisi Waswahili hatuna basi.

Mwaka wa 2017 binti yangu mdogo alitimiza miaka sita. Kaka zake wawili wakubwa walikuwa shule moja ya kimataifa ya Kiingereza, na ada ilikuwa inatukaba koo. Mwaka huohuo, mwezi wa Julai, ndipo ilipoanza ile tozo ya wategemezi ambayo kila familia ya wageni inaijua: riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtu unayemlea, na kila mwaka inaongezeka 100. Sisi tuko wanne chini ya mume wangu, mimi na watoto watatu. Hesabu ya mwaka wa kwanza riyali 4,800. Sasa, 2019, ni 14,400, na hapo hujanunua hata daftari. Kwa hiyo tulikuwa na njia tatu. Binti aingie shule ya serikali ya Kisaudi, bure, kwa Kiarabu, ambacho alikijua cha dukani tu. Au tujipinde tumpeleke kwa kaka zake. Au nirudi naye Tanga, baba abaki peke yake Jeddah, tuwe familia ya simu kama zilivyo nyingi.

Nikampigia baba yangu Tanga. Ana miaka 69, masikio bado mazima, na huwa hakubali kushauriwa wala kushauri. Nilimweleza yote, ada, tozo, Kiarabu, nikasubiri aulize bei. Aliuliza jambo moja tu: "Huko atakaa na nani?"

Nikamjibu atakaa na sisi, nyumbani.

"Sisemi nyumbani," akasema. "Darasani. Kwenye dawati. Atakaa na nani?"

Ilibidi nikae kitandani, maana ndiyo mara ya kwanza alinisimulia habari ya shule yake, na mimi nimeishi naye miaka ishirini na mitano kabla ya kuolewa.

Wengi wetu tuliozaliwa baadaye hatujui kwamba Tanganyika ilipata Uhuru tarehe 9 Desemba 1961 ikiwa na shule za rangi. Hayakuwa mazoea ya watu tu kukaa na wenzao. Ndivyo serikali ya kikoloni ilivyozipanga: shule za Wazungu peke yake, za Wahindi peke yake, za Waafrika peke yake, na waliobaki wakaitwa wengineo. Fedha zilitengwa mbalimbali vilevile. Wazungu walikuwa takribani elfu ishirini, Wahindi kama laki moja, Waafrika milioni tisa, na fedha aliyotumiwa mtoto mmoja zilikwenda kinyume cha hesabu hiyo. Mtoto wa Kiafrika alisoma miaka minne ya mwanzo kwa Kiswahili, na walio wengi safari yao iliishia hapo.

Sheria mpya ya elimu ikatungwa 1961, Oscar Kambona akiwa Waziri wa Elimu, na ikaanza kazi tarehe 1 Januari 1962. Bendera ilikuwa haijatimiza hata mwezi mlingotini. Mfumo ukawa mmoja, na shule iliyokuwa ikipokea ruzuku ya serikali haikuweza tena kumkataa mtoto kwa rangi yake. Ruzuku ndiyo ilikuwa rungu lenyewe, maana mishahara ya walimu ilitegemea humo. Hapakuwa na askari wala maandamano.

Baba alikuwa na miaka kumi na miwili. Wanaoijua Tanga wanajua mji ulivyogawanyika wakati ule, na kwa kweli alama bado zipo. Wazungu walikaa Raskazone, kwenye upepo wa bahari. Wahindi walikaa mjini kati, duka chini, nyumba juu. Sisi tulikaa Ngamiani, zile barabara zenye namba badala ya majina, ng'ambo ya reli. Babu alikuwa mtunza stoo kwenye kampuni ya mkonge, mtu wa saa na kalamu, na aliposikia redioni kwamba shule zimefunguliwa kwa wote alimkata baba nywele siku hiyohiyo. Shule moja ya Kihindi iliyokuwa ikisifika kwa Kiingereza ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Msidhani nasema ile ya Karimjee ambayo leo ni Usagara. Tanga ilikuwa na zaidi ya moja, na yake siitaji.

"Kuvuka reli ilikuwa rahisi," baba aliniambia.

Sheria ilifungua mlango, lakini ndani ya mlango kulikuwa na Kiingereza. Huo ndio ulikuwa ungo uliobaki baada ya ungo wa rangi kuondolewa, pamoja na ada. Mtoto aliyesoma kwa Kiswahili alipokelewa kihalali kabisa, halafu akakaa pale kama kiziwi. Baba walimrudisha madarasa mawili nyuma, akawa mrefu kuliko wote. Waafrika shule nzima walikuwa wanne, hakuna wawili darasa moja. Madawati yalikuwa ya watu wawiliwawili. Siku ya kwanza alikaa na mtoto mmoja. Siku ya pili yule mtoto alihamishwa, mama yake alikuja kuzungumza na mwalimu mlangoni. Wiki ya pili akawekwa mwingine, naye akahamishwa. Baada ya hapo mwalimu hakujaribu tena. Baba akakaa nyuma, kwenye dawati la watu wawili, peke yake, kuanzia Januari mpaka likizo ya Agosti. Hakupigwa, hakutukanwa, aliniambia hivyo mara mbili kana kwamba namshitaki mtu. "Nilikuwa naweka mfuko wangu upande wa pili," akasema, "ili dawati lisionekane tupu."

Kilichomwokoa ni utundu wa mtu mwingine. Kulikuwa na kijana wa Kibohora, mtoto wa mwenye duka la vyuma, mdomo wake haukufungika. Mwalimu alipochoka naye akamwadhibu: nenda nyuma, ukakae na yule. Adhabu, maana yake. Yule kijana akaja na vitabu vyake, akakaa, na hakunyamaza kwa miaka mitatu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, kimekatikakatika, lakini kila alichosema mwalimu kwa Kiingereza yeye alikigeuza kwa Kiswahili chini kwa chini, na kwa kuwa hakuwa anasikiliza vizuri nusu yake alikibuni. Baba anasema Kiingereza chake chote alijifunza kwa kusahihisha makosa ya yule kijana. Walikaa pamoja mpaka 1964. Miaka michache baadaye, serikali ilipotaifisha majumba 1971, familia ile iliuza walivyoweza ikaenda Uingereza. Waliandikiana kadi za Idi mpaka miaka ya themanini.

Baada ya simu ile nilianza kusoma, kama tunavyofanya siku hizi usiku watoto wakilala, na mwaka wa 1962 ukawa unanifuata kila mahali.

Kule Marekani Mahakama Kuu ilikuwa imeamua tangu Mei 1954 kwamba shule za serikali zisitenganishe watoto kwa rangi. Majimbo ya kusini yakapiga chenga. Mwaka wa 1957, huko Little Rock, Rais Eisenhower alilazimika kupeleka jeshi ili wanafunzi tisa weusi waingie shule moja ya sekondari. Mwaka uleule baba alipokuwa anaweka mfuko kwenye dawati, James Meredith, kijana aliyekwisha kulitumikia jeshi la anga la nchi hiyo, alikwenda kujiandikisha Chuo Kikuu cha Mississippi, na Rais Kennedy akapeleka maelfu ya askari. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 1962 watu wawili walikufa kwenye ghasia. Asubuhi yake Meredith akajiandikisha.

Lakini aliyenikaa moyoni ni mdogo zaidi. Ruby Bridges alikuwa na miaka sita, sawasawa na binti yangu, alipoingizwa shule ya msingi huko New Orleans Novemba 1960, amezungukwa na maafisa wa serikali kuu wenye bastola kwa sababu nje watu wazima walikuwa wanampigia kelele. Wazazi wa kizungu waliwatoa watoto wao. Mwaka mzima alisoma na mwalimu mmoja, Barbara Henry, aliyetoka Boston, katika chumba chenye madawati mengi na mwanafunzi mmoja. Sheria ilikuwa upande wake, askari walikuwa upande wake, Rais wa nchi alikuwa upande wake. Wa kuchezea naye hakuwepo.

Na hata hivyo, miaka kumi baada ya hukumu ile, kusini walikuwa chini ya watoto watatu weusi katika kila mia waliosoma pamoja na weupe. Mambo yalianza kwenda kasi baada ya sheria ya haki za raia ya 1964, iliyosema wilaya inayotenganisha watoto isipewe fedha za serikali kuu. Ni rungu lilelile la ruzuku. Niliposoma hapo nilimcheka peke yangu yule babu yangu mtunza stoo, ambaye angesema: nilijua.

Nchi hii ninayoishi nayo ilikuwa na 1962 yake. Novemba mwaka huo Faisal, aliyekuwa bado Mrithi wa Ufalme na Waziri Mkuu, alitangaza kuufuta utumwa. Sisi watu wa pwani tunajua baadhi ya waliofikishwa bandari hizi walitoka wapi. Siku nikienda Balad kununua uzi na vifungo huwa napunguza mwendo bila kupenda.

Habari ya shule ya hapa alinielezea mwenye nyumba wetu, mama wa Kijeddah wa makamo ya baba, anayekuja mwenyewe kuchukua kodi kwa sababu anapenda chai yangu ya tangawizi. Jeddah, alisema, ilikuwa na Dar al-Hanan, shule ya wasichana iliyoanzishwa 1955 na Iffat, mkewe Faisal, na mwanzoni ilisemwa ni ya mayatima ili watu wasipige kelele. Serikali ilipoanza kufungua shule zake za wasichana 1960, Jeddah walishukuru. Buraida, kule Qasim, hawakutaka. Mwaka wa 1963 wanaume walikusanyika kupinga, na Faisal akapeleka askari wa Walinzi wa Taifa, si kumlazimisha mtu ampeleke bintiye, bali kuhakikisha shule haifungwi. Mlango ukabaki wazi, na askari. Ndani darasa likawa karibu tupu. Inasimuliwa kwamba mwanzoni mwanafunzi alikuwa binti wa mwalimu mkuu mwenyewe.

"Alikaa na nani?" nikamuuliza. Mama yule akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akaomba sukari.

Basi, nikaenda kuandikisha. Shule ya serikali iliyo karibu nasi, ambayo pia siitaji, ilinirudisha mara tatu. Kisheria mtoto wa mgeni mwenye ikama halali anapokelewa, hilo nililijua, na karani pia alilijua. Mara ya kwanza ilikuwa cheti cha chanjo, kikatafsiriwe. Mara ya pili mudira, yaani mwalimu mkuu, hayupo. Mara ya tatu nafasi zimejaa, na karani alisema huku anaangalia kucha zake: "Mbona hampeleki shule ya jamii yenu?" Nilitaka kumwambia jamii yangu ni kibanda cha nazi cha Sharafiya.

Na huko ndiko nilikokwenda, maana muhogo haungoji. Nikawa nalalamika kwa sauti kwa Kiswahili, nikidhani hakuna wa kusikia isipokuwa yule kijana wa mashine. Mama mmoja nyuma yangu akajibu. Alikuwa Mngazija, amekulia Unguja, na mumewe ni mpishi. Naye ana binti wa miaka sita. Naye amerudishwa, mara mbili, shule ileile.

Tulikaa kwenye viti vya plastiki mpaka nazi zikaanza kutoa maji kwenye mfuko. Nikamhadithia habari ya baba. Akanihadithia ya mama yake, kwamba huko Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilizichukua shule zote na kufanya elimu bure, na watoto waliokuwa hawajawahi kuota sekondari wakaingia. Lakini baadaye nafasi za sekondari zikawa zinagawiwa kwa kuhesabu asili za watu, huyu Mwafrika, huyu Mwarabu, huyu Mhindi, huyu Mngazija. Mama yake alifaulu mtihani akakosa kiti, kwa sababu viti vya Wangazija vilikuwa vichache na vimekwisha. "Serikali hiyohiyo ilimfungulia dada yake mlango," akasema, "ikamfungia yeye." Hakusema kwa hasira, alikuwa anachagua maembe. Tangu siku hiyo nimekuwa mwangalifu kidogo ninapomsifia mtu sheria.

Jumapili tukaenda wote wawili, tumeshika watoto mikono, na makaratasi yote kwenye jalada moja. Sijui ni kwa sababu tulikuwa wawili, au mudira siku hiyo alikuwepo, au karani alichoka. Mudira aliwatazama wale wasichana walioshikana mikono, na siku hiyo ndiyo kwanza wameonana, akauliza kama ni ndugu. Yule Mngazija, Mungu amsamehe, akasema ndiyo. Nafasi zikapatikana mbili. Nikamwomba mudira jambo moja kwa Kiarabu changu cha sokoni: awaweke dawati moja. Akasema atazungumza na mwalimu.

Muhula wa kwanza ulikuwa mgumu. Binti yangu alirudi na madaftari yenye alama nyekundu na hakutaka kula. Lakini walikuwa wawili wasioelewa, na nilikuwa nawasikia jioni kwenye ngazi wakibishana kwa Kiswahili mwalimu alisema nini, kila mmoja ana uhakika wake. Kufika Ramadhani walikuwa wanabishana kwa Kiarabu. Mwaka wa pili yeye ndiye aliyenisomea barua kutoka kampuni ya umeme, na alinisahihisha matamshi mbele ya wageni.

Julai ya 2018 tozo ikapanda kuwa 200. Yule mama Mngazija ana watoto wanne. Pamoja na yeye ni watu watano, riyali 12,000 kwa mwaka kwenye mshahara wa mpishi. Wakachukua kutoka kwa moja kwa moja. Mwaka huo kulikuwa na mauzo ya vitu vya nyumbani karibu kila wiki Sharafiya, magodoro yamepangwa ukutani chini ya karatasi zenye namba za simu, na lori za mizigo zikipakia friji za watu. Mimi nilinunua kwake sufuria mbili na mbuzi ya nazi. Usiku wa mwisho wasichana walilala kitanda kimoja. Asubuhi wakaondoka uwanja wa ndege saa kumi, na binti yangu hakuamka, au alijifanya hakuamka.

Septemba alirudi shule peke yake. Siku ile nilikaa dirishani na chai ikapoa. Mabasi yakapita yote kwa utaratibu wao, la Wahindi, la Wapakistani, la Wabangladeshi, la Wafilipino, na yeye akavuka barabara kwa miguu na mfuko mgongoni, kwa sababu shule yake ni ya mtaani, haina basi.

Sijui kama tutafika 2020 hapa. Tozo inatarajiwa kuwa 400 na mume wangu ameshaanza kuuliza bei za kusafirisha mizigo kwa meli. Baba anapiga simu kila Ijumaa baada ya swala. Hajawahi kuuliza binti amepata alama ngapi. Anauliza lile swali lake, nami siku hizi nimechoka kuwa mkalimani, namwita mwenyewe aje ajibu.

Wiki iliyopita nilimsikia akimwambia babu yake, kwa Kiswahili kilichoanza kuingiwa na Kiarabu, kwamba amehamishwa dawati kwa kuongea sana. Sasa anakaa na msichana mmoja wa Kisaudi anayepiga chafya muda wote na hataki kuazima kifutio. Upande wa pili wa simu kulikuwa kimya kwanza, halafu nikamsikia mzee anacheka mpaka anakohoa, binti amenishikia simu anauliza, mama, babu ana nini?